Sampuli Namba Kumi na Nne

Majani ya mkunazi hukaushwa kivulini.
Jua la Nizwa halina subira,
litayapokonya kile tunachokitafuta
kabla hatujakipa jina.
Nayatandaza juu ya magazeti, chumba cha nyuma cha maabara,
siku tisa, nikiyageuza kama chapati.
Kisha mashine inayasaga, spiriti inayalowesha,
na usiku kucha kile ambacho mti unakijua
kinahamia chupani, kijani, kizito kama asali ya mwaka jana.

Miyasa wa Bahla ndiye mshika saa.
Kuna maji ya zambarau: tone la mkunazi likiingia
zambarau inafifia, inapauka, inageuka manjano,
kama mtu aliyenuna akaamua basi.
Hiyo, tunaandika, ni dalili:
ndani ya jani mna kitu kinachozuia kutu.
Maana mwili nao hushika kutu, taratibu,
kama bawaba ya mlango wa uani,
na pumzi hii hii inayotuweka hai
ndiyo inayotutafuna.

Kuna na panya. Sipendi kuwasimulia.
Weupe, wadogo, bamba la moto digrii hamsini na tano,
Miyasa akihesabu kwa kunong'ona
mpaka panya alambe mguu.
Asiyenyweshwa kitu, sekunde nane.
Aliyenyweshwa, kumi na tisa.
Thelathini zikitimia tunamtoa, hata kama hajalalamika.
Sekunde kumi na moja! Tukashangilia.
Jioni nilinawa mikono mara tatu.

Shangazi Thuwaiba alicheka niliposimulia,
mguu kaunyoosha juu ya mto.
“Mie goti langu huu mwaka wa ishirini.
Nani kalishikia saa?”

Kinu chake kilitoka Unguja ndani ya sanduku la nguo.
Mchi aliusahau.
Akachongesha mwingine kwa fundi wa Birkat al-Mauz,
mti mgeni ndani ya kinu cha zamani,
wakagombana mwaka mzima, wakazoeana.
Majani aliyatoa kwenye mkunazi wa uani kwake,
huo huo ninaouchuma mimi kwa ajili ya maabara.
Huyaponda kwa maji ya uvuguvugu,
huyafunga gotini kwa pindo la kanga kuukuu.
“Na linapoa?”
“Linanyamaza. Kunyamaza si kupoa.
Kitanda usichokilalia, mwanangu…”
Hakuimalizia. Alikuwa akijigeuza upande,
na kujigeuza kulimchukua muda.

Nikamwambia asubiri. Kipimo hatujakijua,
dawa yetu bado haijajaribiwa kwa mtu.
“Haya,” akasema. “Kumbe mie si mtu.”

Alhamisi moja ya Shaabani, simu, saa kumi alfajiri.
Nilipofika, wanawake wa kuosha walishakunja mikono ya nguo,
maji yalishapashwa.
“Mkunazi uko wapi?” akauliza Bi Rayya.
Nikatoka uani na tochi.
Matawi yote ya chini yalikuwa matupu.
Niliyakwangua mimi, kwa mikono yangu, wiki mbili nyuma,
na ya juu hayafikiki gizani.
Maduka ya dawa za miti yamefungwa.
Basi nikaendesha gari hadi maabara, nikawasha taa moja,
nikatoa mfuko: Namba 14. Birkat al-Mauz. Kavu. Gramu mia sita.

Tuliyatwanga kwa kinu chake.
Maji yakatoa povu jepesi, la kijani,
yakateremka pajani, yakapita kwenye goti lile,
goti likatulia tu.
Nilijikuta nahesabu, moja, mbili,
nikaacha.

Jumapili daftari lilikuwa linanisubiri.
Uzito: gramu mia mbili na themanini.
Miyasa akatazama mfuko, akanitazama,
akaanza kuipangusa mizani ambayo haikuwa na vumbi.
Penye sababu ya upungufu
nikaandika: Yametumika.